Msemaji Anayesikilizwa na Mpinzani Wake



Bila ya shaka umepata kuliona jambo hili barazani, au msikitini baada ya darsa, au hata nyumbani kwako. Mtu husimama akasema maneno makali juu ya jambo fulani, na waliomzunguka wakatikisa vichwa na kusema, "Naam, umesema kweli!" Naye akaondoka kifua mbele akijiona ameshinda. Ameshinda nini? Wote wale waliotikisa vichwa walikuwa wake kabla hajafumbua kinywa. Yule mmoja aliyekuwa na shaka alikaa pembeni, akamaliza kahawa yake, akaenda zake na shaka yake ile ile aliyokuja nayo.

Leo nataka tumtazame msemaji wa namna nyingine, aliye adimu zaidi: yule ambaye hata asiyekubaliana naye humsikiliza, na akisha kumsikiliza hulala akifikiri. Na ili tusiseme hewani, nitawatwaa wasemaji wa siasa wa kihafidhina wa Uingereza na Marekani, yaani wale wanaoshika ya zamani na kuyaogopa mageuzi ya haraka. Nimewachagua hao kwa makusudi. Wengi wetu tusomao kurasa hizi hatuna sababu ya kuwapenda. Chama chao ndicho kilichokuwa kikitawala London katika miaka ile ambayo baba zetu walipangwa mistari wakaulizwa vipande. Basi ikiwa mtu wa kundi hilo aweza kutufanya tukae kitako tumsikilize, hapana budi kuna kitu alichokishika. Nasi yafaa tukijue, kwani chombo hicho chaweza kutuongoa, na chaweza vile vile kutupoteza.

Tuanze na Hola.

Wakenya wengi wanalijua jina hilo. Ni mji ulio kando ya Mto Tana, nao leo ndio makao makuu ya kaunti ya Tana River. Katika siku za Hali ya Hatari palikuwa na kambi ya kuwazuilia watu waliohesabiwa kuwa ni wa Mau Mau, na hasa wale wagumu waliokataa kukiri kiapo na kukataa kazi ya kulazimishwa. Tarehe 3 Machi 1959 askari wa kambi waliwapiga wafungwa hao kwa marungu ili wafanye kazi, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kuwa vifo vile vilitokea baada ya watu kunywa maji kutoka katika gari la maji. Maji! Ni uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kuwa ni kipigo.

Habari ilipofika London, chama cha Labour, kilichokuwa cha upinzani, kiliishambulia serikali ya Conservative ya Harold Macmillan, kama ilivyotazamiwa. Nao wabunge wa Conservative wakaitetea serikali yao, kama ilivyotazamiwa pia. Mmoja wao alifika hadi ya kuwasema wafungwa wa namna ile kuwa ni watu walio chini ya ubinadamu. Mambo yalikuwa yakienda kama yaendavyo siku zote, kila mmoja akiwapigia ngoma watu wake. Ndipo katika mjadala wa tarehe 27 Julai 1959, saa sita ya usiku ikiwa imekwisha kupita, akasimama mbunge mmoja wa Conservative kutoka Wolverhampton, jina lake Enoch Powell.

Wala usidhani kuwa mtu huyu alikuwa rafiki wa Mwafrika. Alikuwa msomi wa Kiyunani aliyepata uprofesa akiwa na miaka 25, kisha akawa askari, na aliipenda dola ya Kiingereza kwa mapenzi makubwa hata akatamani siku moja awe mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya mfalme wake. Alikuwa mhafidhina wa kweli, si wa kuazima. Na uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Ulifanyika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Kila neno ambalo mbunge wa Conservative angelisema juu ya Hola lilikuwa ni fimbo ambayo wapinzani wangeliweza kuiokota.

Alisema nini? Hotuba yenyewe imo katika kumbukumbu za Bunge, na leo yeyote aweza kuisoma; nami nakuomba uisome. Mimi nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona kuwa nguvu zake hazimo mahali tunapozitafuta. Hakuna kilio ndani yake. Hakuna matusi. Sehemu kubwa ni kama kazi ya karani: anazitwaa karatasi za serikali yenyewe, anaufuata ule mpango wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi, anauliza ni nani aliyeutunga, ni nani aliyeubadilisha, ni nani aliyeuidhinisha, na anapanda nao ngazi kwa ngazi kutoka kambini hadi Nairobi, mpaka inakuwa wazi kwa kila asikiaye kuwa lawama haiwezi kuachwa juu ya mabega ya wadogo wa kambini peke yao.

Hapo ndipo pa kwanza pa kutazama. Powell hakuleta ushahidi ambao watu wa upande wake wangeliweza kuukataa. Hakuwataka waamini gazeti la Labour, wala barua ya mfungwa, ingawa barua za wafungwa zilikuwa za kweli. Aliwaambia, kwa maana, haya ni maandishi yenu wenyewe, hebu tuyasome pamoja. Mtu aweza kumkimbia shahidi wa adui yake, lakini saini yake mwenyewe ataikimbilia wapi?

Pa pili. Alipomgeukia Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, ambaye ni mtu wa chama chake, hakumrukia. Alimwondolea lawama ya yaliyotendeka, akaitaja kazi yake ya miaka mingi kwa heshima, kisha akamwambia kuwa ni kwa ajili ya heshima ile ile anamtaka ahakikishe kuwa dhamana inafika panapostahiki kufika, na ionekane kuwa imefika. Angalia alivyomfungia njia. Angelimtukana, waziri angelikuwa na haki ya kukasirika, na hasira ni mlango mzuri wa kutokea. Alimsifu, na sifa ile ikageuka kuwa deni.

Lakini hapa nami niseme langu. Naona alimsifu kupita kiasi. Waziri aliyekuwa akiletewa malalamiko ya kambi zile miaka kwa miaka, na kila mara akiyafunika, hakuwa mtu asiye na lawama. Labda bila ya kumwachilia mkubwa yule Powell asingelisikilizwa na wenzake, yawezekana. Bei ile aliilipa kwa mali isiyokuwa yake. Walioumia Hola hawakuulizwa kama wanamsamehe.

Pa tatu ndipo penye moyo wa hotuba. Kulikuwa na hoja mbili zilizokuwa zikizunguka chumbani, na kila mtu alizijua. Ya kwanza: waliokufa walikuwa watu wabaya, wauaji, wagumu kuliko wote. Ya pili: Afrika ni Afrika, huko mambo ni mengine. Msemaji mdogo angelizidharau hoja hizi, au angejifanya hakuzisikia. Powell alizitamka kwa nguvu zake zote, kisha akazijibu. Juu ya ya kwanza alisema kuwa ni itikadi ya kutisha, nayo itawarudia wenyewe waitamkao, kwa binadamu kukaa juu ya binadamu mwenziwe na kuhukumu kuwa kwa sababu alikuwa hivi au vile, basi kifo chake hakina hesabu. Na juu ya ya pili alikubali upesi kuwa Afrika ni tofauti. Hakushindana nao hapo. Aliuliza tu kama tofauti hiyo yafanya dhamana ya mtawala iwe na mizani moja Uingereza na mizani nyingine Afrika; akasema haiwezekani, na kuwa katika Afrika, kuliko mahali pengine popote, hawathubutu kushuka chini ya kipimo chao cha juu kabisa.

Ndugu yangu, itazame hoja hiyo vizuri. Hakusema neno hata moja ambalo si la kihafidhina. Alisema juu ya cheo na dhamana, juu ya heshima ya utawala, juu ya kanuni zisizobadilika. Maneno ambayo watu wa chama chake huyapenda na huyasema kila siku. Aliwashika kwa kamba waliyoisokota wenyewe. Na waliokuwa upande wa pili, watu wa Labour waliotaka dola ile iishe upesi, wakasikia katika kinywa cha mtu wa dola neno walilokuwa wakilililia. Denis Healey, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi na Waziri wa Fedha wa Labour, na ambaye hakukubaliana na Powell karibu katika kila jambo, alisema miaka mingi baadaye kuwa ile ndiyo hotuba kubwa kuliko zote alizopata kuzisikia Bungeni.

Je, ilibadilisha kitu? Usiku ule, hapana. Serikali haikuanguka, na waziri hakujiuzulu. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Oktoba. Lakini baada ya uchaguzi Makoloni yalipewa mtu mwingine, Iain Macleod, naye alikiri baadaye kuwa ni Hola hasa iliyomwonyesha kuwa njia ile haiendeki tena. Januari 1960 Hali ya Hatari ikaisha na mkutano wa Lancaster House ukaanza. Sisemi kuwa hotuba moja ndiyo iliyoyafanya hayo. Waliopigania uhuru ndio walioyafanya. Nasema tu kuwa ukuta ulipotikiswa kutoka nje, palikuwa na mmoja wa ndani aliyesema kwa sauti kuwa ukuta una ufa. Na ilimpasa mtu wa Kenya angoje mpaka Juni 2013 kusikia serikali ya Uingereza ikitamka masikitiko yake juu ya mateso ya kambi zile na kukubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Miaka 54 tangu Hola! Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, kwa sababu huko kuna mtu aliyeifanya kazi hii ya kusema na wapinzani kuwa ndiyo kazi yake ya kila juma. Naye ni William F. Buckley, aliyeanzisha gazeti la National Review mwaka 1955, na tangu 1966 hadi 1999 akaendesha kipindi cha televisheni kiitwacho Firing Line, zaidi ya vipindi 1,400. Humo aliwaalika watu waliokuwa wakimchukia kwa fikra zake, akawapa viti, akawapa muda. Noam Chomsky alikuja mwaka 1969 wakabishana juu ya vita vya Vietnam. Na mwaka 1968 alikuja Muhammad Ali, wakati ambapo alikuwa amekwisha kuvuliwa ubingwa kwa kukataa kwenda vitani. Ukikitazama kipindi hicho, utaona Buckley akimwuliza maswali ya kumtega, na utamwona Ali akijibu kwa utulivu bila ya kukatizwa kila mara kama ilivyo desturi ya watangazaji wa leo. Mimi naona Ali alitoka pale akiwa mrefu zaidi. Hii ndiyo hatari anayoikubali mwenye kumpa mpinzani wake nafasi, na ndiyo sababu wachache huifanya.

Ama kumweleza mpinzani vizuri kabla ya kumjibu, hilo si la kufundishwa na Mzungu. Imam Ghazali aliandika kitabu kizima, Maqasid al-Falasifa, kueleza waliyoyasema wanafalsafa, kabla ya kuandika kile cha kuwapinga. Aliyaeleza vizuri mno hata kitabu kile kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, Wazungu wakamdhania kuwa naye ni mmoja wao. Hebu niambie: ukiyaandika leo mawazo ya mtu unayempinga, je, watu wake watayasoma na kusema, "Huyu ni mwenzetu"? Au watayaona yamekatwa mikono na miguu?

Lakini Buckley naye aliteleza, na kuteleza kwake kuna faida kwetu. Tarehe 18 Februari 1965 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge kujadiliana na mwandishi James Baldwin, Mmarekani mweusi, juu ya mada kuwa maisha mema ya Marekani yamejengwa juu ya migongo ya watu weusi. Baldwin alisema kwanza, kwa sauti ya chini, akijihesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyechuma pamba na kujenga reli. Buckley aliposimama, akaingia kumshambulia Baldwin kwa namna anavyosema, hata akamsuta kuwa ametia lafudhi ya Kiingereza. Kura zikapigwa: 544 kwa Baldwin, 164 dhidi yake. Ulimi wa Buckley haukupungua ukali siku ile, wala Kiingereza chake hakikupungua uzuri. Kilichopungua ni kuwa hakuwa amekubali kitu chochote. Alimjia mtu aliyejeruhiwa akabishana naye juu ya matamshi. Na wale wanafunzi, ambao wengi hawakuwa wamepata kuona shamba la pamba, walijua mara moja ni nani aliyekuwa akisema na moyo wake na ni nani aliyekuwa akicheza.

Mfanye wa pili sasa, mtu yule yule. Januari 1978 Marekani ilikuwa ikigombana juu ya mikataba ya kuurudisha Mfereji wa Panama kwa wenyewe. Wahafidhina karibu wote walipinga, na kiongozi wao katika hilo alikuwa Ronald Reagan, rafiki mpenzi wa Buckley. Wote wawili wakapanda jukwaani, na Buckley akasimama upande wa pili, akaitetea mikataba. Hoja yake haikuwa ya kuwapendeza watu wa mageuzi. Alisema kihafidhina: kuwa taifa kubwa lisiogope kutenda haki kwa dogo, na kuwa usalama wa mfereji unapatikana zaidi kwa ridhaa ya watu wake kuliko kwa bunduki. Baraza la Seneti likaidhinisha mikataba hiyo mwaka ule, kura 68 kwa 32 katika kila mmoja. Na mtu wa upande wa kushoto aliyemchukia Buckley miaka kumi na mitatu nyuma, siku ile alilazimika kumsikiliza, maana alikuwa akimwona analipa.

Nilipoanza kulifikiri jambo hili, nilidhani kuwa nimekwisha kupata jibu langu hapo: msemaji huaminiwa na mpinzani wake anapolipa gharama. Anaposema lile litakalomwudhi rafiki yake. Jibu zuri, fupi, la kuandikwa ukutani. Lakini halitoshi, na aliyenionyesha kuwa halitoshi ni Powell yule yule wa Hola.

Twende mwaka 1968. Kenya imekwisha kuwa huru. Wahindi wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walikuwa wamebaki na pasi za Kiingereza, na sheria mpya za Kenya za 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara ziliwafungia riziki. Wakaanza kuondoka kwa maelfu kwenda Uingereza, nchi ambayo pasi zao zilisema kuwa ni yao. Serikali ya Labour ikapitisha sheria ya kuwazuia, kwa haraka ya siku tatu Bungeni, nayo ikatiwa saini tarehe 1 Machi 1968. Na chama cha Conservative kikaikubali. Miongoni mwa waliokataa, wakapiga kura dhidi ya viongozi wa chama chao, alikuwamo Macleod, yule aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Alikwisha kuandika hadharani katika gazeti la The Spectator kuwa ahadi kwa watu wale ilitolewa, na ilikusudiwa, na wenzake wasijitie kusahau.

Wiki saba baadaye, tarehe 20 Aprili, Powell akasimama katika hoteli moja ya Birmingham na kutoa hotuba juu ya wageni wa rangi walioingia Uingereza. Akabashiri maangamizi, akatia na mfano wa mto wenye povu la damu kutoka katika shairi la Kirumi. Kesho yake mkubwa wa chama, Edward Heath, akamwondoa katika baraza lake la uongozi, na Powell hakupata uwaziri tena maisha yake yote.

Basi hapo napo alilipa! Alilipa zaidi kuliko mwaka 1959. Tuseme nini? Kama gharama ndiyo alama ya ukweli, basi hotuba ya Birmingham ni ya kweli kuliko ya Hola. Hasha. Hebu tuziweke mbili hizi pamoja mezani, maana ni ulimi ule ule, elimu ile ile, na mtu yule yule.

Tazama ushahidi kwanza. Mwaka 1959 kila neno lilikuwa na karatasi nyuma yake. Mwaka 1968 alisimulia habari ya bibi mmoja mzee wa Kizungu katika mji wake aliyeteswa na majirani weusi. Nani alimsimulia? Aliandikiwa barua. Na nani? Hakumtaja. Na bibi huyo ni nani? Hakumtaja. Waandishi wa magazeti walimtafuta Wolverhampton siku zile wasimpate. Wanafunzi wetu wa chuoni, walioanza juzi kusoma elimu ya Hadithi, wangeliuliza mara moja: isnadi iko wapi? Habari ya mtu asiyejulikana kutoka kwa mtu asiyejulikana hairuhusiwi kuingia hata katika mambo madogo, sembuse katika jambo la kuwatenga watu kwa maelfu.

Kisha tazama ni nani aliyeshtakiwa, na alikuwa wapi. Hola, washtakiwa walikuwa wenzake, wameketi mbele yake, wana ndimi za kujibu. Na aliowatetea ni maiti 11 wasiokuwa na kura wala cha kumlipa. Birmingham, waliomsikiliza chumbani walikuwa watu wa chama chake, na walioshtakiwa hawakuwamo: walikuwa viwandani, hospitalini, au kwenye uwanja wa ndege na masanduku yao ya kutoka Nairobi. Na waliotetewa ni wale wale waliokuwa wakisikiliza. Alimpoteza mkubwa wake, ndiyo, lakini aliupata umma. Wafanyakazi wa bandari ya London waliandamana kwa ajili yake siku tatu baadaye, na barua za kumwunga mkono zikamiminika mifuko kwa mifuko.

Utaniambia kuwa wafanyakazi wale wengi walikuwa wa Labour. Je, si kweli kuwa aliwavuta wapinzani? Nimelifikiri sana swali hilo. Jibu langu ni kuwa katika jambo lile hawakuwa wapinzani wake. Hofu ile walikuwa nayo nyumbani kabla yake. Hakuwaambia jambo lililowagharimu hata senti moja kulikubali. Mwaka 1959 aliwataka wasikilizaji wake wajione vibaya, na mwaka 1968 aliwataka wajione wameonewa. La pili halihitaji fasaha yoyote. Na ile kanuni yake tukufu, kuwa hakuna mizani moja ya Afrika na mizani nyingine ya Uingereza, ilikuwa wapi siku ile? Heshima ya mwandishi inanitaka niseme kuwa yeye hakuona mgongano. Alidai kuwa alikuwa akiilinda nchi yake kama zamani. Lakini mwenye duka wa Biashara Street aliyefungiwa mlango huku na huku angeliuona mgongano huo bila ya kuonyeshwa.

Kuna jambo jingine dogo, nalo linanikera, nitalisema upesi. Siku hizi katika simu zetu vimejaa vipande vya dakika moja vya wasemaji wa namna hii, na juu yake pameandikwa kuwa fulani amemmaliza fulani. Vijana hunitumia. Aghlabu yake ni mtu mzima mwenye kipaza sauti akimwaibisha mwanafunzi wa miaka kumi na tisa. Hayo si mabishano, ni sarakasi. Aliyeaibishwa hakushawishika, amenyamaza tu, na hayo ni mambo mawili. Pia kuna wale waliogundua kuwa kuwasema vibaya watu wako mbele ya adui zao kuna soko zuri, wakaifanya kuwa riziki. Usiwachanganye na mtu wa Hola. Yeye alipomaliza kusema alirudi kuketi katika viti vile vile, katikati ya wale aliowaudhi, na hakuhamia ng'ambo kushangiliwa.

Nami nitakusimulia jaribio nililolifanya. Mwaka uliopita, jioni moja baada ya Isha, niliichukua ile hotuba ya Hola nikaenda nayo barazani kwetu Mombasa. Nikawasomea wazee, nikifasiri papo hapo kwa Kiswahili changu, pasina kumtaja mwenyewe. Walikuwa kama saba. Walinyamaza wote, na walipofika pale pa binadamu kumhukumu binadamu mwenziwe, mmoja akasema, "Mwenyezi Mungu amlipe kheri mtu huyu." Wakaniuliza ni nani. Nikawaambia ni Enoch Powell.

Kati yao alikuwamo mzee mmoja wa Kikachi, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Ndugu yake mkubwa aliondoka Mombasa Februari 1968 akakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa, na miezi miwili tu baada ya kufika akalisikia jina hilo redioni, na majirani zake wa Kiingereza wakiliimba barabarani. Hakurudi tena kuishi Mombasa, alizikwa huko. Mzee huyu alipolisikia jina, aliweka kikombe chini. Wenzake walianza kubishana, mmoja akisema kuwa ningelimtaja mapema wasingelimwombea dua, mwingine akisema dua imekwisha kutoka haiwezi kurudishwa mfukoni. Yeye hakuingia katika ubishi wao. Alikaa kimya kitambo, akiifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu.

Kisha akanambia, "Mwanangu, nisomee tena pale pa wale watu kumi na mmoja. Na halafu, kama unayo, nisomee na ile ya pili."